Kituo Namba 51 na Watu Waliorudia Walichoambiwa

Kengele ya kituo inalia kwa milio inayopishana, mmoja wa juu, mwingine wa chini, na kabla haijanyamaza vikombe vya kahawa vimeshaachwa mezani. Sauti ya mwanamume inasoma anwani, inataja barabara inayokatiza karibu, kisha inataja saa. Kapteni amesimama ukutani penye redio, kalamu mkononi, anaandika. Anabonyeza kitufe na kujibu: kituo namba 51, KMG 365. Anachana kile kikaratasi, anakwenda nacho mpaka dirishani mwa gari jekundu la uokoaji na kumpa dereva. Dereva anampa mwenzake. Kofia kichwani, mkanda wa kidevuni unafungwa, taa zinaanza kuzunguka, gari linatoka.

Sekunde hizo nimezitazama mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu na sijazichoka. Ndivyo lilivyoanza karibu kila tukio katika Emergency!, tamthilia iliyoanza kurushwa na televisheni ya NBC ya Marekani tarehe 15 Januari 1972, ikadumu hadi 1977, kisha ikafuatiwa na filamu chache za televisheni zilizoishia 1979. Wahusika wakuu ni vijana wawili wa zimamoto wa Kaunti ya Los Angeles: John Gage, aliyeigizwa na Randolph Mantooth, na Roy DeSoto, aliyeigizwa na Kevin Tighe. Ni wazimamoto waliosomea pia tiba ya dharura, wale wanaoitwa paramediki. Wanamfuata mgonjwa alipo, wanamhudumia palepale chini, halafu ndipo wanampeleka hospitali.

Sikuikuta ikiwa mpya, kwa kuwa nilikuwa bado sijazaliwa. Niliikuta sebuleni kwa mjomba wangu huko Long Beach, California, katika kituo kinachorudia tamthilia za zamani. Mjomba alikuwa dereva wa teksi Tanga. Alipohamia ughaibuni akapata kazi ya kuwahudumia wazee majumbani mwao usiku. Alikuwa akirudi asubuhi macho mekundu, namwamkia, naye kabla hajalala anakunywa chai ya rangi yenye tangawizi na kutazama kipindi kimoja. Hakupenda kusemeshwa daktari akiwa hewani. "Tulia, mjomba," ataniambia, maana kwetu pwani mjomba na mpwa huitana jina hilohilo. "Msikilize anavyorudia."

Ilinichukua muda kuelewa kwa nini mtu mzima aliyekesha kazini akawie kulala ili asikie watu wakirudia maneno. Leo naamini mjomba alikuwa ameligundua jambo ambalo wahakiki wengi wa televisheni walilipita. Uzuri wa tamthilia hii haumo kwenye moto, wala ajali, wala ving'ora. Umo kwenye kurudia.

Mzee wa makamo amelala kando ya njia, shati limefunguliwa vifungo. Gage anafungua sanduku la rangi ya chungwa, anasimamisha antena, ananyanyua mkono wa simu. "Rampart, hapa kikosi 51." Rampart, hospitali yao, inaitika. Anataja umri wa mgonjwa, anakoumwa, presha, mapigo ya moyo, jinsi anavyohema, ngozi yake ilivyo. Upande wa pili, katika chumba chenye dirisha la kioo, daktari anasikiliza huku muuguzi anaandika. Daktari anatoa maagizo: dripu ya aina fulani, dawa fulani kwa kipimo fulani, na watume picha ya umeme wa moyo. DeSoto au Gage hajibu "sawa" akakata. Anarudia neno kwa neno: dripu ni hii, dawa ni hii, kipimo ni hiki. Daktari akishasikia maneno yake yamerudi kama alivyoyatoa, ndipo mkono unapogusa sindano.

Waliosoma chuoni, namaanisha chuo cha Kurani, wanaujua mtindo huu. Mwalimu anasoma, mtoto anarudia, mwalimu anasikiliza kama irabu imekaa mahali pake. Mtoto hadharauliwi kwa kurudia. Anapewa amana, na mwenye amana anataka uhakika kwamba imefika salama. Kwenye redio yenye mikwaruzo, katikati ya makelele ya magari na watu wanaolia, tarakimu moja ikisikika vibaya mtu anaweza kufa kwa dawa iliyokusudiwa kumponya. Emergency! ililielewa hilo, ikathubutu kumfanya mtazamaji asubiri. Katika tamthilia nyingi shujaa ni yule anayevunja amri ya mkubwa wake, halafu mwishoni inaonekana alikuwa na haki. Hapa shujaa anauliza kwanza. Roho inakuwa juu kwa sababu anangoja jibu, na jibu likija anaonyesha kwamba amelisikia.

Ladha hiyo ilitokana na Jack Webb, mtayarishaji aliyekuwa ameshajijengea jina kwa tamthilia ya polisi ya Dragnet, ambako alipenda kuonyesha kazi hatua kwa hatua bila kuitia chumvi. Emergency! ilitoka katika kampuni yake ya Mark VII, ikabuniwa na Robert A. Cinader pamoja na Harold Jack Bloom. Cinader ndiye aliyeshikilia ukweli wa mambo. Waandishi walichota visa kwenye madaftari ya matukio ya vituo vya zimamoto. James O. Page, ofisa wa zimamoto wa kaunti hiyo, alikuwa mshauri wa utaalamu. Mantooth na Tighe walihudhuria masomo pamoja na wanafunzi halisi ili mikono yao ijue kushika vifaa. Mtu anayeendesha gari kubwa la zimamoto katika tamthilia, Mike Stoker, alikuwa mzimamoto wa kweli na alitumia jina lake mwenyewe. Na ile sauti inayosoma anwani ni ya Sam Lanier, mpokeaji simu halisi wa zimamoto wa Kaunti ya Los Angeles. Hata KMG 365 haikubuniwa; ilikuwa alama halali ya redio ya jeshi hilo la zimamoto.

Haya si mapambo kwangu. Sauti ya Lanier haiigizi dharura. Ni sauti ya mtu aliyeshasoma anwani nyingi mno za watu walio hatarini, na anajua kuwa akipaza sauti atamchanganya anayeandika. Mwigizaji yeyote angeongeza mtetemo. Yeye anasoma tu, na mwili wa mtazamaji unasisimka.

Upande wa hospitali alikuwepo Dk. Kelly Brackett, aliyeigizwa na Robert Fuller, mkali, mwenye nyusi za kutisha, na Dk. Joe Early wa Bobby Troup, mpole. Na muuguzi Dixie McCall wa Julie London, mwimbaji wa jazi aliyekuwa na sauti ya chini kama anayekunong'oneza. London alikuwa amewahi kuolewa na Webb, wakaachana, na wakati huo alikuwa mke wa Troup. Webb akawaajiri wote wawili. Mjomba alipolijua hilo alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba huyo Webb alikuwa na moyo mpana. Ninalo jingine la kusema juu ya Dixie. Yeye ndiye anayeendesha ile idara. Madaktari wanaingia na kutoka. Simu ya redio ikiita, mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kuisikia, na anajua ni daktari gani yuko chumba gani. Kwa televisheni ya 1972, kumwonyesha muuguzi kama nguzo ya kazi badala ya mchumba wa daktari lilikuwa jambo la heshima kubwa.

Kituoni nako kulikuwa na maisha. Chet Kelly, mzimamoto mwenzao, hachoki kumtegea Gage mitego ya maji. Zamu za kupika zinaleta ugomvi. Mbwa Henry, mwenye masikio yanayogusa sakafu, amelala kwenye kochi na hakuna anayethubutu kumwondoa. Gage anaanzisha mpango wa kuongeza kipato, mpango unaharibika, DeSoto anamsikiliza kwa uvumilivu wa mume aliyezoea. Mazungumzo yanakatwa na kengele na hayamaliziki. Wanakwenda kumtoa mtu kwenye bonde, wanarudi, Gage anaendelea na malalamiko yake pale alipoyaachia. Hapo waandishi walishika kitu cha kweli kabisa kuhusu kazi za zamu: maisha ya mtu yanaendelea kwa vipande, kati ya msiba wa huyu na nafuu ya yule.

Sasa nije kwenye sababu inayonifanya niandike makala nzima badala ya kusimulia kumbukumbu tu. Tamthilia hii ilirushwa wakati huduma inayoionyesha ilikuwa karibu haipo.

Mwaka 1966 Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani kilitoa ripoti iliyoita vifo na ulemavu wa ajali ugonjwa uliosahaulika. Ilieleza kwamba mwaka 1965 ajali ziliwaua Wamarekani 107,000. Ikaeleza pia jambo ambalo msomaji wa leo ataliona kama uzushi: karibu nusu ya huduma za ambulensi nchini humo zilitolewa na wenye nyumba za mazishi, wapatao 12,000. Sababu yake ilikuwa ya kawaida tu. Gari la kubebea maiti lilikuwa refu, mtu aliweza kulazwa ndani yake. Aliyeligonga gari ukutani alibebwa na gari lilelile ambalo siku ya pili lingeweza kumpeleka makaburini, na ndani yake mara nyingi hakukuwa na mtu aliyefundishwa zaidi ya kubeba na kuendesha haraka.

Mabadiliko yalianzia sehemu chache. Belfast, Ireland ya Kaskazini, daktari Frank Pantridge aliweka mashine ya kushtua moyo ndani ya gari katikati ya miaka ya 1960. Miami, Dk. Eugene Nagel alishughulikia kupeleka alama za moyo wa mgonjwa hospitalini kwa redio. Los Angeles, mwaka 1969, Dk. J. Michael Criley alianza kuwafundisha wazimamoto katika hospitali ya Harbor General, Torrance. Lakini mafunzo hayakutosha. Sheria ya California ilikuwa bado inazuia mtu asiye daktari wala muuguzi kumchoma mgonjwa sindano barabarani, hivyo wazimamoto hao walilazimika kuongozana na muuguzi. Ndipo ikapatikana sheria ya Wedworth-Townsend ya 1970, iliyobeba majina ya wabunge wawili wa jimbo, ikapigiwa debe na Kenneth Hahn wa baraza la Kaunti ya Los Angeles, na kutiwa saini na Gavana Ronald Reagan.

Filamu ya kufungulia tamthilia inahusu sheria hiyohiyo. Brackett, daktari tunayempenda baadaye, mwanzoni anapinga. Hataki watu wasio madaktari waguse wagonjwa. Anabadilika pole pole, kisha anakwenda kuutetea muswada mbele ya watunga sheria. Fikiria ujasiri wa kuanzisha tamthilia ya vitendo kwa mjadala wa bungeni! Lakini ndivyo ilivyopaswa kuwa, kwa sababu bila sheria ile, lile sanduku la chungwa lingekuwa mzigo usio na kazi. Mtazamaji anafundishwa mapema kwamba nyuma ya mkono unaochoma sindano pana daktari aliyekubali, nyuma ya daktari pana sheria, na nyuma ya sheria wapo watu waliosumbuka mpaka ikapitishwa.

Baada ya hapo kila Jumamosi usiku mamilioni ya familia zilionyeshwa kitu ambacho miji yao haikuwa nacho. Mwaka 1972 vikosi vya aina hiyo Marekani nzima vilikuwa vichache mno. Watu wakaanza kuwauliza madiwani na wakuu wa zimamoto: cha kwetu kiko wapi? Sitaki kuipa tamthilia sifa isiyo yake. Ripoti ya 1966 ilishafanya kazi yake, vita vya Vietnam vilishaonyesha tofauti ya majeruhi kuhudumiwa mapema, na mwaka 1973 ilipitishwa sheria ya taifa iliyotoa fedha za kujenga mifumo ya huduma za dharura. Lakini fedha ya serikali haimfanyi mpiga kura wa mji mdogo alikodolee macho gari la mazishi na kusema hapana, sitabebwa na hilo. Hilo lilifanywa na Gage na DeSoto. Taarifa ya wataalamu ilisomwa na wataalamu. Sanduku la chungwa lilionwa na mama aliyekuwa akikunja nguo mbele ya televisheni, na mama huyo alikuwa na mume mwenye presha.

Na kilichomshawishi, kwa maoni yangu, ni kulekule kurudia. Mtu wa kawaida alikuwa na hofu ileile ya Brackett: nani kawaruhusu hawa wazimamoto kunichoma sindano? Tamthilia haikumhubiria. Ilimsikilizisha daktari akiagiza, mzimamoto akirudia, wiki baada ya wiki, vipindi zaidi ya 120. Kufikia mwaka wa pili mtoto wa shule aliweza kutaja majina ya maji ya dripu. Imani ilijengwa kama inavyojengwa kwa fundi wa mtaani, kwa kumwona akifanya kazi yake vizuri mara nyingi.

Ninapoipenda hivi, sina budi kusema pia ilichokosa.

Kabla Gage hajafungua sanduku lake la kwanza, huko Pittsburgh walikuwepo wanaume Weusi wa mtaa wa Hill District walioifanya kazi hiyo kweli. Huduma yao iliitwa Freedom House, ilianzishwa 1967. Wengi wao walikuwa watu ambao mji ule uliwaona hawana ajira wala hawawezi kuajirika. Aliyewafundisha ni Dk. Peter Safar, mmoja wa waanzilishi wa mbinu za kuhuisha moyo na pumzi, ambaye mwaka 1966 alifiwa na binti yake kwa pumu. Baadaye walisimamiwa na Dk. Nancy Caroline, aliyepanda nao magari. Walikuwa hodari kiasi cha kuwa mfano kwa nchi, na mwaka 1975, Emergency! ikiwa bado inarushwa, mji ukaanzisha huduma yake na Freedom House ikafungwa. Marekani iliyokuwa ikiwashangilia paramediki wa kuigiza kila Jumamosi haikujua majina ya wale wa kweli. Haikuwa njama ya Webb. Yeye alisimulia Los Angeles aliyoijua. Lakini picha ya paramediki iliyobaki vichwani mwa watu ikawa ni ya kijana wa California, na kazi ya watu wa Hill District ikachukua miongo kusimuliwa inavyostahili. Paramediki wanawake nao karibu hawakuonekana mpaka zile filamu za mwisho.

Kuna uongo mwingine, laini zaidi. Wagonjwa wa Kituo namba 51 wanapona mno. Moyo uliosimama barabarani, hata leo na vifaa vyote vya leo, mara nyingi haurudi. Mjomba aliwahi kuniambia kwamba katika nyumba alizofanyia kazi amewaona wahudumu wakisukuma kifua mpaka jasho linadondoka juu ya mgonjwa, halafu wanatazamana, na mmoja wao anasoma saa kwa sauti. Tamthilia ilionyesha vifo vichache, na ilipovionyesha haikukawia hapo. Nadhani watayarishaji walihofia kwamba watu wakiona kushindwa watasema gharama ni ya nini. Naelewa. Lakini nafikiri kizazi cha wahudumu kilichoingia kazini kwa sababu ya Gage na DeSoto kilibeba mzigo wa kutegemea ushindi ambao kazi hiyo haiutoi kwa kiwango hicho.

Tamthilia za sasa za zimamoto zimerekebisha hilo, wakati mwingine kupita kiasi. Zinaonyesha maumivu, ndoto mbaya, ndoa zinazovunjika, wanawake na watu wa rangi zote wakiwa ndani ya magari. Nafurahi. Ila nyingi zimepoteza mikono. Kamera inakimbilia uso wa mhudumu anayelia kabla sijaona alichomfanyia mgonjwa. Nikizima televisheni najua nani kamsaliti nani, sijui mtu aliyevunjika mguu hufungwaje. Kwenye Emergency! nilijifunza kwamba aliyeanguka kutoka juu hashikwi shingo ovyo, kwamba mtu mmoja lazima aseme na familia, na kwamba dripu ikishawekwa mhudumu mmoja hupanda ambulensi na mgonjwa huku mwingine akifuata na gari la uokoaji. Anayebaki nje hufunga milango ya nyuma na kuigonga mara mbili kwa kiganja. Ambulensi inaondoka.

Mkazi wa Dar au Mombasa atacheka kwa furaha hapo, kwa sababu anaijua lugha hiyo. Konda akigonga bodi ya gari mara mbili, dereva anajua kila mtu yumo, twende.

Vifaa vya Kituo namba 51 viliingizwa katika makumbusho ya taifa ya Smithsonian mwaka 2000, na gari lenyewe limehifadhiwa na makumbusho ya zimamoto ya Kaunti ya Los Angeles. Vitu vya kuigizia vimetunzwa pamoja na vitu vya historia halisi, na sioni kosa lolote hapo. Vilisaidia kuleta vya kweli.

Kwetu swali lile la "cha kwetu kiko wapi" bado ni bichi. Tanzania ukipiga 114 unapata Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Kwa wajawazito, akina mama waliotoka kujifungua na watoto wachanga, kuna m-mama, namba 115, mfumo ambao kwanza ulijaribiwa Sengerema na Shinyanga. Pale ambulensi isipopatikana, mpokeaji simu anamtuma dereva wa kawaida wa jamii aliyesajiliwa, na dereva analipwa kwa simu. Nilipomweleza mjomba habari za m-mama aliniuliza maswali kwa saa nzima. Dereva anaambiwa nini hasa? Anaambiwa ampeleke mama kituo gani, au anachagua mwenyewe? Je, kituo kinajua kwamba mama anakuja? Yalikuwa maswali ya dereva wa teksi, na pia ya mtu aliyewasikiliza Rampart miaka mingi. Alitaka kujua kama kuna mtu upande wa pili.

Siku moja tulikwenda naye Carson, mwendo mfupi kutoka Long Beach, kukitazama kituo namba 127 ambacho nje yake ndiyo iliyopigwa picha kama Kituo namba 51. Siku hizi kina jina la Cinader. Jirani yake bado kuna mitambo ya kusafishia mafuta, ileile inayoonekana nyuma ya magari katika tamthilia. Tulisimama upande wa pili wa barabara kwa adabu, maana ni mahali pa kazi. Tulikuwa tumekaa dakika kumi hivi tuliposikia mlango unafunguka, gari likatoka, taa zikaanza kuzunguka, likakata kona. Mjomba alilifuata kwa macho mpaka likapotea.

Ndipo akanisimulia safari ya bibi, mama yake, ambayo nilikuwa naijua kwa juujuu tu. Ilikuwa Tanga, usiku. Bibi alishikwa na kifua. Teksi ya mjomba ilikuwa gereji, akamwamsha jirani mwenye pikapu ya kubebea samaki. Wakatandika godoro nyuma, wakamlaza, mjomba akapanda naye na kukipakata kichwa chake. Aligonga paa la mbele mara mbili, jirani akaondoa gari. Bibi alifika hospitali akiwa hai, akafariki kabla ya alfajiri.

"Nilikuwa nasema njia nzima," mjomba aliniambia, macho bado kwenye ile kona. "Nasema na mama. Halafu nikawa nasema na mtu mwingine, sijui hata nani. Namwambia anahema hivi, mkono umekuwa wa baridi, midomo imebadilika rangi, nifanye nini. Hakuna aliyenijibu, mjomba."

Mlango wa kituo ukashuka taratibu. Tukasubiri gari lirudi.